Kutunza baiskeli ya kila siku: anza na kilicholegea

Baiskeli nyingi zinazosukumwa hadi kwa fundi chini ya mwembe hazikuharibika siku hiyo. Koni ya gurudumu, ile nati ya mviringo inayobana gololi kwenye ekseli, ilianza kulegea mwezi uliopita, mwenyewe akasikia mlio akauzoea, gololi zikasagana, bakuli zinamokaa likachimbika, na leo fundi anadai habu nzima, yaani kitovu cha gurudumu. Ndivyo inavyokuwa kwa baiskeli ya Phoenix inayobeba maji Tabora, na ndivyo inavyokuwa kwa baiskeli ya mtumba iliyoshuka na kontena kutoka Japani au Uholanzi. Chuma chenyewe hakichoki upesi. Kinachokimaliza ni kitu kilicholegea na kikaachwa kiendelee kucheza.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kuosha wala kupaka oili. Unaanza na kutikisa.

Vifaa vya kuwa navyo nyumbani

Huhitaji sanduku la karakana. Spana malaya ni ya lazima kwa sababu inafungua karibu kila nati, lakini ndiyo hiyohiyo inayomaliza kona za nati ikiwa taya zake zimelegea. Kwa nati za ekseli tafuta spana kamili. Baiskeli nyingi za gia huchukua namba 15 gurudumu la nyuma. Phoenix, Hero na nyinginezo za chuma zina saizi zao, kwa hiyo nenda dukani na baiskeli yenyewe ujaribu hapohapo. Ongeza spana mbili nyembamba za koni, kwa kuwa spana ya kawaida ni nene na haiingii kati ya koni na nati yake.

Vingine ni bisibisi, plaizi, nyundo, pampu, msasa, viraka, solusheni, mswaki wa zamani, matambara, kopo la grisi ya beringi, chupa ndogo ya oili safi ya injini na mafuta ya taa kidogo ya kuoshea. Kutolea tairi, mpini wa kijiko cha chuma kilicho laini unatosha. Bisibisi usiiingize kwenye tairi kabisa: unaziba tundu moja, unatoboa mawili.

Kutikisa, mara moja kwa wiki

Kazi hii ni ya dakika chache na haihitaji kifaa chochote. Inua mbele ya baiskeli, shika gurudumu kwa juu, lisukume kulia na kushoto. Lisicheze. Ukihisi linagonga kidogo, koni zimelegea, hata kama linazunguka vizuri. Rudia nyuma. Kisha liachie gurudumu la mbele lizunguke polepole: likisimama ghafla au ukihisi vichembe kwenye ekseli ukiishika kwa vidole, koni zimekazwa kupita kiasi au grisi imekauka.

Shusha baiskeli, bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma huku kiganja kingine kimeshika pale foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inapoingilia kwenye fremu. Ukisikia inagonga, bakuli za usukani zinahitaji kukazwa. Kagua hilo mapema. Bakuli zikichimbika, usukani hujenga tabia ya kutaka kukaa katikati, na kwenye mchanga hapo ndipo watu wanaangukia.

Sasa shika mguu wa pedeli, yaani mkono wa chuma unaobeba pedeli, si pedeli yenyewe, uuvute kuja kwako na kuurudisha. Miguu yote miwili ikicheza pamoja, tatizo liko kwenye gololi za ekseli ya katikati. Ukicheza mguu mmoja tu, ni kota pini, ile pini inayoubana mguu kwenye ekseli, au boliti yake kwa baiskeli za siku hizi. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu mafundi wengine wakisikia mlio wa katikati hufungua kila kitu, na malipo huongezeka bila sababu.

Malizia kwa kupitisha mkono kwenye boliti za keria, madigadi, stendi na siti. Boliti ya keria iliyodondoka hukaa kwenye spoku kabla haijafika chini.

Pancha, na kwa nini inarudi

Kutoboka si bahati mbaya tu. Tundu lenyewe linasema limetokana na nini, ndiyo maana usikimbilie kuziba kabla hujalisoma. Geuza baiskeli, toa gurudumu, na kabla ya kuchomoa tyubu weka alama ya kalamu kwenye tairi mkabala na valvu. Alama hiyo itakuwezesha kurudisha tyubu juu ya tairi na kujua tundu lilikuwa sehemu gani.

Jaza tyubu upepo zaidi ya kawaida, izungushe karibu na shavu lako kabla ya kuitia kwenye maji. Shavu huhisi upepo mdogo ambao macho yanaukosa. Ukipata tundu, tazama liko wapi.

Tundu upande wa nje, ule unaogusa tairi: ni mwiba, msumari au kipande cha chupa. Huko Shinyanga na Dodoma mara nyingi ni mbigili. Usilirudishe tairi mpaka uutoe mwiba wenyewe. Pitisha tambara ndani ya tairi pote. Tambara likinasa, ndipo mwiba ulipo. Vidole hutoka damu, na mbigili iliyokatikia ndani haionekani kwa macho.

Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba: hukutoboka na mwiba. Upepo ulikuwa mdogo, ukapanda jiwe au ukingo, ringi ikaibana tyubu. Dawa yake ni pampu.

Tundu upande wa ndani, unaotazama spoku: ncha ya spoku imepita nati yake au utepe wa ringi umesogea. Ukiziba bila kusawazisha ncha hiyo kwa tupa na kurudisha utepe, utaziba tena kesho palepale. Utepe ukikosekana, kata ukanda wa tyubu kuukuu ufunge ringi pote.

Tyubu kuchanika kwenye shina la valvu: umekuwa ukiendesha na upepo hafifu, tairi likawa linateleza taratibu juu ya ringi likivuta valvu. Valvu iliyokaa mshazari ni dalili ya mapema. Hapo kiraka hakishiki vizuri, nunua tyubu.

Kuziba kwenyewe kuna jambo moja ambalo watu wengi hawana subira nalo. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka weusi unaong'aa uishe. Paka solusheni nyembamba, si donge. Kisha ngoja. Subiri dakika tano hivi, mpaka ung'aavu upotee na kidole kikigusa kisivute utando. Kiraka kinachobandikwa kwenye solusheni bichi huteleza kama sahani kwenye sabuni, na kikishika leo kitaachia juani. Bandika, kandamiza kuanzia katikati kwenda kingoni, pigapiga taratibu kwa kichwa cha nyundo juu ya kitu bapa. Kipande cha tyubu kuukuu kinafaa badala ya kiraka cha dukani, ila nacho ukisugue na ukipake solusheni, pande zote mbili zikauke. Nyunyiza poda au vumbi laini juu ya solusheni iliyobaki ili tyubu isigande na tairi.

Unaporudisha tairi, anzia upande ulio mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, ukiisukuma valvu juu ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Tumia viganja. Jaza kidogo, zungusha gurudumu ukitazama kama mstari wa tairi uko sawa pande zote, kisha jaza kamili. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Ukiwa huna kipimo, kaa juu ya baiskeli: tairi lipanuke kidogo tu pale linapogusa chini. Tairi la nyuma linalobeba mzigo lijazwe zaidi kuliko la mbele.

Kama unaishi penye mbigili nyingi, kata tairi kuukuu, ondoa kingo zake zenye waya, uweke ukanda huo kati ya tairi na tyubu. Baiskeli itakuwa nzito kidogo. Kunja na uchonge ncha za ukanda ziwe nyembamba, la sivyo zenyewe zitaikata tyubu.

Kuhusu valvu, zile za Phoenix na za baiskeli za Kijapani zina kipande cha mpira mdogo kinachovalishwa juu ya kijiti. Mpira huo huoza kwa joto. Tairi likipungua upepo taratibu usiku na tyubu haina tundu, paka mate kwenye mdomo wa valvu. Mate yakitoa povu, badilisha mpira huo tu. Ni bei ya pipi, na ni wachache wanaokumbuka kuwa na wa akiba.

Namba ya tairi, usidanganyike na inchi

Hapa pesa nyingi hupotea, hasa kwa wenye baiskeli za mtumba. Mtu anaambiwa "hii ni ishirini na nane", ananunua tairi la 28, linakataa kuingia au linachomoka. Inchi haitoshi. Tafuta namba mbili zenye kistari ubavuni mwa tairi, kwa mfano 40-635. Ya pili ndiyo kipenyo cha ringi kwa milimita, na ndiyo isiyodanganya.

Phoenix, Hero na Raleigh za kale zenye tairi la 28 × 1½ ni 635. Baiskeli nyingi za mjini kutoka Uholanzi zinaitwa 28 pia, lakini ni 622. Tofauti ya milimita 13 inatosha kukukosesha safari. Kwa upande wa 26, baiskeli za milimani zenye tairi nene la 26 × 1.95 ni 559, wakati zile za akina mama za Kijapani zenye kikapu mbele mara nyingi ni 26 × 1 3/8, yaani 590. Muuzaji akisema zinalingana, mwombe alivalishe mbele yako.

Cheni

Cheni kavu hulia, lakini cheni iliyolowa oili ndiyo hufa haraka zaidi kwenye barabara ya vumbi. Oili ya nje hushika mchanga, mchanga huingia kwenye pini, na hapo umejitengenezea msasa unaozunguka. Kwa hiyo: futa cheni kwa tambara lenye mafuta ya taa, iache ikauke, dondoshea tone moja kwenye kila kiungo kwa upande wa ndani huku ukirudisha pedeli nyuma, ngoja kidogo, kisha futa nje mpaka tambara litoke karibu safi. Kinachotakiwa kubaki kiko ndani ya pini.

Oili chafu ya gari iliyomwagwa gereji usiitumie, hata ukipewa bure. Ina unga wa chuma uliosagika kwenye injini ya mtu mwingine. Mafuta ya kupikia nayo huganda yakawa ulimbo.

Kupima kuchakaa, chukua rula yenye inchi. Kila kiungo cha cheni, kutoka pini hadi pini, ni nusu inchi. Kwa hiyo pini ya 24 baada ya ile uliyoiweka kwenye sifuri iangukie kwenye inchi 12 kamili. Ikipita kwa milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni. Ukingoja hadi ipite milimita tatu, meno ya gia yameshachongeka kuifuata, na cheni mpya itaruka juu yake. Hapo unabadilisha cheni na friwili, yaani gia za nyuma, pamoja. Kuokoa cheni kunakugharimu gia. Hesabu hii wabeba abiria wa baiskeli Shinyanga wanaijua kwa maumivu.

Kwa baiskeli isiyo na gia nyingi, cheni icheze juu na chini sentimita moja hivi katikati ya gia mbili. Zungusha pedeli mzunguko mzima kwanza, kwa sababu gia ya mbele mara nyingi si duara kamili na cheni itabana sehemu moja. Rekebisha kwenye sehemu hiyo inayobana zaidi. Ukikaza ilipolegea, utasaga gololi za ekseli bila kujua.

Klipu ya kiungo cha kuunganishia ina upande uliofungwa na upande ulio wazi. Uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda. Ukigeuza, kitu chochote kikiigusa kitaichomoa.

Kwa baiskeli za gia nyingi, nitasema machache tu. Cheni ikisita kuhama, zungusha kile kikombe kidogo ambapo waya unaingia kwenye kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, nusu mzunguko kwa wakati, ukijaribu. Skrubu mbili ndogo za kifaa hicho zinazuia cheni isitumbukie kwenye spoku wala isianguke nje. Usiziguse kama cheni haianguki. Na kama unaishi penye tambarare na gia zinakusumbua, si aibu kuacha gia moja na kutupa nyingine. Wengi wamefanya hivyo na baiskeli ikawa ya kutegemewa zaidi.

Kota pini

Hii ni sehemu inayolaumiwa bure. Watu husema kota pini za siku hizi ni laini, na ni kweli baadhi ni laini, lakini nyingi hufa kwa kuwekwa vibaya. Pini ina ubapa mmoja. Ubapa huo hukaa juu ya mkato wa ekseli, na pini inashika kwa kugongwa ikajibana, si kwa kukazwa nati. Nati kazi yake ni kuizuia isitoke.

Dalili ni mguu unaoteleza kidogo kila unapokanyaga. Weka miguu ya pedeli sawa na ardhi, kandamiza zote mbili kwa mikono, kisha zungusha nusu mzunguko ukandamize tena. Ukiona mguu mmoja unashuka kabla ya mwenzake, pini yake imelegea.

Kuitoa, fungua nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, usiitoe kabisa, maana ndiyo inayolinda uzi. Chini ya mguu wa pedeli, upande wa kichwa cha pini, simamisha kipande cha bomba la chuma kilichofika hadi kwenye kitu kigumu, tundu la bomba likizunguka kichwa hicho. Bila bomba, kila pigo linapita kwenye gololi na bakuli za ekseli, na unatengeneza tatizo la pili. Kisha piga pigo moja zito. Mapigo madogo kumi hupinda pini, pigo moja la uhakika huitoa.

Nenda na pini ya zamani dukani, kwa maana unene hutofautiana kidogo na macho hayatambui. Pini mbili huingia kwa kupishana: ukiiweka miguu sawa na ardhi, mmoja mbele na mwingine nyuma, pini moja nati yake iko juu na nyingine iko chini. Ukizielekeza sawa, pedeli hazitakaa mstari mmoja na utaendesha kama mwenye mguu mfupi. Gonga, kaza nati, endesha mtaani kidogo, rudi gonga tena na ukaze tena. Hiyo raundi ya pili ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu pini mpya hulegea wiki ileile.

Kuhusu pedeli zenyewe: ya kulia hufunguliwa kama nati yoyote, ya kushoto ina uzi wa kinyume. Kwa zote mbili, ukishika spana juu ya pedeli ukaisukuma kuelekea nyuma ya baiskeli, unafungua. Nyingi zina herufi L na R mwishoni mwa ekseli. Paka grisi kwenye uzi kabla ya kufunga, vinginevyo zitashikana kwa kutu na mguu utaharibika siku ya kuzitoa.

Habu na gololi

Kama utajifunza kazi moja tu, iwe hii. Ifanye kabla ya masika na tena baada yake. Gurudumu la mbele ndilo rahisi, lianzie.

1. Toa gurudumu, tandaza kitambaa chini. Upande mmoja shika koni kwa spana nyembamba, fungua nati iliyoikaza, kisha toa koni. Upande wa pili usiuguse. Utakusaidia kurudisha ekseli palepale ilipokuwa.

2. Vuta ekseli taratibu ukiwa juu ya kitambaa. Gololi zitamwagika. Zihesabu kila upande. Kwa kawaida mbele huwa kumi za 3/16 ya inchi kila upande, na nyuma tisa za 1/4, lakini fuata ulizozikuta, isipokuwa kama fundi aliyepita alipunguza. Kipimo rahisi: zikijaa bakuli, kuwe na nafasi kama ya gololi moja iliyobaki.

3. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha. Sasa tazama njia ambayo gololi hupita kwenye koni. Mstari unaong'aa ni sawa. Vishimo, hata vidogo kama vya sindano, ni koni mpya. Pitisha ncha ya kalamu ya wino ndani ya bakuli. Ikikwama, bakuli nalo limechimbika.

4. Nunua gololi mpya zote kwa pamoja. Ni rahisi mno kuliko kitu kingine chochote kwenye baiskeli. Ukichanganya mpya na kuukuu, mpya zitabeba mzigo wote peke yake kwa kuwa ni kubwa kwa unywele mmoja.

5. Jaza bakuli grisi, pachika gololi moja moja zizame humo, ongeza grisi juu. Grisi inazishika zisianguke unapoingiza ekseli. Usiweke mafuta ya kujipaka, yatayeyuka mchana wa kwanza.

6. Rudisha koni kwa vidole mpaka iguse, kisha irudishe nyuma robo mzunguko. Ishike kwa spana nyembamba na ukaze nati juu yake. Hapa ndipo kazi ilipo: ukikaza nati, koni nayo husogea kidogo. Jaribu, fungua, rekebisha, jaribu tena. Mafundi wazoefu nao hurudia.

Umepatia ikiwa gurudumu halichezi kabisa ukilitikisa, na ukiliachia lenyewe linazunguka polepole mpaka sehemu nzito, kwa kawaida upande wa valvu, inatua chini. Kwa baiskeli yenye mkono wa kufyatulia gurudumu, acha mchezo mdogo sana, kwa sababu ukibana mkono ule ekseli hujikandamiza na mchezo huo hupotea.

Habu ya nyuma ni vilevile, ila upande wa friwili unahitaji kifaa maalumu kuitoa. Fanyia kazi upande wa kushoto na upitishe grisi kadiri unavyoweza, lakini kutoa friwili mpe fundi. Kila pigo la pedeli limekuwa likiikaza, nayo haitoki kwa nyundo na patasi bila kuacha kovu.

Breki

Raba za breki ziguse ringi tu. Raba inayogusa tairi huikata ubavu, na inayoning'inia chini ya ringi siku moja itaingia kwenye spoku. Nafasi ya milimita mbili au tatu kila upande inatosha. Kama gurudumu limepinda na unalazimika kuacha nafasi kubwa, tengeneza gurudumu kwanza.

Waya ukianza kufumuka nyuzi karibu na mkono wa breki, badilisha siku hiyo. Ukiona unabana kwa nguvu na breki inarudi polepole, kutu imeingia ndani ya kava: toa waya, upake grisi nyembamba, au ubadilishe vyote viwili.

Breki za vyuma za Phoenix huvuta raba kwenda juu ndani ya ringi. Zinahitaji nati za viungo vyake ziwe zimekazwa bila kubana, na tone la oili kwenye kila kiungo. Ni imara, lakini kwenye ringi za chuma zenye kung'aa raba zikilowa hushika kidogo sana. Siku ya mvua anza kubana mapema, ukausha maji kwanza, ndipo utegemee kusimama. Ringi za alumini hushika vizuri zaidi kwenye mvua, ila raba zake hukusanya vichembe vya chuma na mchanga. Vichokonoe kwa pini mara kwa mara. Ubavu wa ringi ukishakuwa na bonde, ringi hiyo imekwisha na inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi.

Spoku na mzigo

Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, na zote zinakaa juu ya gurudumu la nyuma. Ndiyo maana Phoenix ina spoku 40 nyuma na 32 mbele. Baiskeli ya milimani yenye spoku 32 au 36 ikipewa kazi hiyohiyo hukatika spoku upande wa friwili, tena palepale zinapojikunja kuingia kwenye habu.

Kila unaposhika matambara ya kufutia, binya spoku mbilimbili kwa vidole ukizunguka gurudumu. Unatafuta iliyolegea kuliko wenzake. Ukiipata, kaza nati yake kwa ufunguo wa spoku robo mzunguko tu, kisha zungusha gurudumu utazame dhidi ya raba ya breki. Gurudumu likigusa raba ya kulia, kaza spoku inayoelekea kushoto hapo, au legeza ya kulia, robo kwa robo. Spoku moja ikikatika, ishushe mizigo na uipeleke siku hiyohiyo. Zilizobaki jirani zinabeba kazi yake, na baada ya muda mfupi zitakatika tatu pamoja.

Mzigo uwe chini na pembeni kuliko juu ya keria. Ukiona mbele inaelea mlimani, umepakia nyuma kupita kiasi, shuka usukume.

Kwa walio Pwani

Tanga, Zanzibar, Mombasa: chumvi iliyo hewani inatosha, huhitaji kuingia baharini. Suuza baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi wala presha, ikaushe, futa vyuma vyote kwa tambara lenye oili kidogo, hasa nati za spoku na ncha za waya. Usielekeze maji ya presha kwenye habu na ekseli. Yanaingiza uchafu palipo na grisi. Baada ya mvua kubwa toa siti na bomba lake, igeuze baiskeli juu chini, uone maji yanayomwagika kutoka ndani ya fremu. Maji hayo hukaa juu ya gololi za katikati. Ukirudisha bomba la siti lipake grisi, kwa sababu likigandana na fremu hakuna atakayelitoa bila msumeno.

Ya kumwachia fundi

Friwili nimeshaisema. Foku iliyopinda baada ya kugonga, mpe fundi, na kama imewahi kunyooshwa mara moja usikubali inyooshwe tena. Bakuli za katikati zilizochimbika pia, kwani kuzitoa kunahitaji nguvu na kifaa, na kwenye baiskeli nyingi bakuli la upande wa gia hufunguka kwa uzi wa kinyume.

Fremu ichunguzwe kila unapoiosha, hasa pale bomba zinapokutana chini ya usukani na karibu na ekseli ya katikati. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ni ufa. Fremu ya chuma huchomelewa na kudumu miaka, mradi fundi aikwangue rangi kwanza na asiichome mpaka bomba litoboke. Fremu ya alumini ni habari nyingine: welding ya kawaida ya geti na dirisha haishiki, na hata ikionekana imeshika itaachia ukiwa barabarani. Sumaku ndogo itakuambia fremu yako ni ipi kabla hujalipa.